Mwalimu Hatua na Karne Iliyokwama Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kwa dakika hizi chache tunamkumbuka mwalimu wa historia aliyefariki Alhamisi moja ya mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na saba. Wanafunzi walimwita Mwalimu Hatua. Na tuseme wazi mapema: alikuwa mtu wa kuchosha. Hayo ni maneno ya mkewe, fundi cherehani, aliyekaa naye miaka arobaini. "Semeni hivyo hivyo redioni," alituagiza, pini zikiwa mdomoni. "Alinichosha. Na sasa hayupo, nimechoka zaidi."

Mwalimu Hatua alifundisha historia ya dunia, kuanzia watu wa kwanza kuandika kwenye vibao vya udongo hadi enzi hizi za simu za mkononi. Lakini darasani hakukaa. Alichora mstari mweusi ukutani, kwenye korido ndefu ya shule. Hatua moja, miaka mia. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa: hatua moja, miaka mia.

Mstari ulianzia kwenye stoo ya mafagio. Hatua ya saba, piramidi kubwa. Mbele huko, Roma inapanda, Roma inaanguka. Na wanafunzi walisimamishwa kila mmoja kwenye zama zake.

"Wewe ni piramidi, simama hapo! Wewe malkia wa mwisho wa Misri, nenda kule. Sisi wengine tuko huku mwisho. Haya, malkia yuko karibu na nani?"

"Na piramidi, mwalimu!"

"Hesabuni kwa miguu, si kwa mdomo."

Wakahesabu. Malkia alikuwa karibu na wao kuliko na piramidi. Wakabisha, wakarudia, wakanuna. Hawakusahau tena. Na waliochelewa shule? Hao walisimama nyuma ya stoo, kabla ya maandishi kugunduliwa, na kwa hiyo hawakuruhusiwa kuandika chochote mpaka kengele ya mapumziko.

Sasa njooni kwenye balaa lenyewe. Mwalimu Hatua alipima korido kwa miguu yake, na alikuwa mrefu kama mlingoti. Ukuta ukaisha kabla ya historia. Ilibaki karne moja, hii yetu ya mwisho, miaka mia ya vita vikubwa, ya nchi kujipatia uhuru, ya mtu kukanyaga mwezi. Karne hiyo ikaangukia kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu hakutaka mlango wake uguswe.

Miaka kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Miaka kumi na moja dunia nzima ilikwama kwenye mlango wa kahawia!

Binti wa pekee wa Mwalimu Hatua ni mchora mabango. Ukiona kinyozi aliyechorwa akitabasamu nje ya saluni, huenda ni mkono wake. Siku moja alimwambia baba yake jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelisema.

"Baba, punguza hatua. Hao wa zamani wabane kidogo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu mzee. "Ukiwabana waliokufa ili walio hai wapate nafasi, hiyo si historia, mwanangu. Huko ni kuruka foleni kwa kujuana."

Binti alirusha mikono juu. Alirusha mikono juu mara nyingi, huyu binti. Simu ya baba ikiita wakati wa kazi, alijua ni mlango. Mlango wakati wa chakula. Mlango siku ya harusi yake mwenyewe.

Kisha mwaka huu mwalimu mkuu akasalimu amri. "Chora, mzee, nipumzike. Ila achore mtu anayeijua kazi." Mwalimu Hatua alimpigia binti yake palepale, akihema kama aliyekimbia.

"Kaniruhusu! Njoo na brashi."

"Baba, nina bango la duka la dawa. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata ikawa kinyozi. Iliyofuata ikawa gereji. Jumatano, simu ikaita tena, na binti akafoka: "Mlango una miguu, baba? Utakimbia?"

Mlango haukukimbia. Kesho yake asubuhi, moyo wa Mwalimu Hatua ulisimama akiwa anafunga viatu.

Binti alituambia hayo bila kulia. Alisema kwa hasira, na hatukujua anamkasirikia nani. "Siku moja tu ya kazi," alisema. "Ilikuwa siku moja tu."

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuisha. Baada ya maziko, mwalimu mkuu alimwita binti na mama yake shuleni, akakohoa, akatangaza kwamba hakuna haja tena ya kuchora mlango. Shule itamuenzi marehemu kwa picha kubwa ya uso wake, katikati ya ukuta.

Binti akatembea sehemu aliyoonyeshwa, akahesabu. "Picha hii ni hatua nne, mwalimu. Utafunika miaka mia nne ya Roma."

"Roma ipo vitabuni. Huyu ni mtu wetu."

Ndipo mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akasimama. "Mwalimu mkuu, nisikilize. Mume wangu hata blanketi aliligawa sawa kwa sawa, kwa kipimo. Leo umpe miaka mia nne ya watu wengine? Atakufuata ndotoni akufundishe kipindi kizima!"

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akatoa ufunguo wa ofisi yake.

Binti alichora kutwa nzima. Mwalimu mkuu alishinda nje, mafaili magotini, akisubiri rangi ikauke. Karne yote iliingia mlangoni: vita, bendera mpya, mwezi, kompyuta. Chini kabisa alipitisha mstari mwembamba wa bluu, wenye urefu wa miaka sitini na saba, ukaishia ukingoni, chini ya kitasa.

"Jina lake je?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Wangapi hapa wana majina?" binti alijibu, akiosha brashi. "Asipewe jina eti kwa sababu tu mchoraji ni mwanawe."

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Hatua amemwacha mjane mmoja, binti mmoja, na wanafunzi wasiohesabika wanaotembea wakihesabu. Kwenu, familia, tunatoa pole za dhati. Mama, Mungu akupe nguvu. Dada, siku uliyochelewa haitarudi, lakini kazi umeifanya, na umeifanya kwa kipimo chake.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kwenye mlango ule, mwaka mmoja ni upana wa penseli. Huu mwaka wetu tunaoupigia kelele asubuhi hadi jioni, tukinuniana, tukiahirishana, ni upana wa penseli tu. Kama kuna mzee anayekuchosha kwa simu, pokea. Uliza anataka nini. Kisha chukua brashi uende leo.