Truphosa Nekesa na Nzi Wake wa Manyoya

Mama Truphosa Nekesa hakuweza kuuacha uzi uliolegea. Aliuzungusha kwenye kijiko, kwenye penseli, hata kwenye kidole cha mtoto wa jirani kanisani, akaufunga fundo, kisha akatafuta mwingine.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Kimilili, wa tatu kati ya watoto wanane wa marehemu Mzee Kusimba na Mama Mirriam. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka wa 1970. Alipenda kusimulia kwamba mwalimu alimhamisha dawati mara nne kwa kutotulia.

Mwaka wa 1977 alifunga ndoa na Benard Simiyu, karani wa reli, wakahamia Mombasa. Benard, baba yetu, alitutangulia mwaka wa 1998.

Kuanzia 1984 hadi 2012 Mama alifanya kazi katika karakana moja ya Mbaraki, akitengeneza chambo bandia cha kupelekwa ng'ambo: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ikafanana na nzi. Wiki ya kwanza alipaka vanishi ya kukazia uzi hadi vitundu vya ndoana vikaziba, mshipi usipite. Alivizibua vyote mia mbili kwa sindano. Baadaye yeye ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya. Lakini hakuwahi kumwona samaki hata mmoja akidanganyika na nzi wake, na jambo hilo lilimnyima raha.

Alipostaafu, kila Jumamosi maji yakijaa aliteremka ufukoni Liwatoni na mshipi wake. Wavuvi walimcheka.

"Shangazi, samaki wa hapa wanataka ngisi, si manyoya ya kuku!" mmoja wao, Karisa, alimwambia.

"Wewe ndiye umewadekeza," Mama alimjibu. "Wangu watakuja wenyewe."

Hawakuja. Alirudi nyumbani, akabadilisha rangi, akafunga upya, kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka wa 2023 figo zilianza kumsumbua, na vidole vikavimba. Aliaga dunia hospitalini Jumapili, tarehe 9 Juni 2024.

Ameacha watoto wawili, Ken na mimi, Rosebella, wajukuu watano, na dada yake, Loise. Tunamwombea kwa Mungu mapumziko ambayo hapa duniani hakuyataka.

Jumamosi, siku moja kabla ya kufariki, alinitilia mkononi nzi wake wa mwisho, wa kijani, akaniagiza nikamjaribu Liwatoni. Nilimweka mkobani, nikaendelea kukaa kando ya kitanda. Akaniambia, "Mbona bado umekaa, Rosebella? Maji yanajaa hayo."