Kostiki Haionjwi

Ndugu zangu wanachama wa chama chetu hapa Temeke, na nyie mliotembea kutoka Kipawa, mwenyekiti kaniambia nieleze kwa ufupi. Mambo ya mtu kama mie hayaelezeki kwa ufupi, lakini nitajitahidi. Sabuni yangu mnaijua. Asiyeijua, basi huyo hafui. Na shule ya serikali niliionea dirishani tu.

Nasimama kwa sababu nimechoka. Kila nikipita: "Mzee, ule ulimi ulifanyaje?" Leo nawajibu wote kwa mpigo. Kesho asiniulize mtu!

Wakati wa vita nilikuwa askari. Jeshi likataka watu wa kwenda chuoni kujifunza kemia, elimu ya dawa na namna zinavyochanganyika, ili tusafishe maji ya kambini. Nikajitokeza wa kwanza. Mwalimu alikuwa sajenti asiyecheka, na neno lake lilikuwa moja: pima, andika, ngoja. Asubuhi pima, andika, ngoja. Jioni vilevile! Mama yangu kapika maharage ya magadi maisha yake yote bila kupima kitu. Anagusa kwa ulimi, anajua. Palikuwa na kijana mmoja anaandika kila kinachosemwa, nikambandika jina la Karani, darasa zima likamcheka.

Siku ya mtihani kila mtu akapewa chupa isiyo na jina. Uchovye karatasi, utazame rangi, ulinganishe na maelezo ya ukutani. Mie nikachovya kidole, nikaonja.

Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, inayounguza. Magadi ni mtoto wake mchanga.

"Nani kakwambia uonje?" sajenti akafoka. "Huu mchuzi?"

Nilikuwa na jibu zuri sana, ila ulimi ulikataa.

Nikafukuzwa. Lakini kuanguka kwangu hakukuwa kule. Nilianguka niliporudi hapa nikasema nimefuzu. Mkaniita Bwana Kemia, nami nikaitika. Nikaanza kupika sabuni: mafuta ya nazi, maji, kostiki, vyote kwa jicho. Mteja akilalamika inawasha, namjibu, "Mikono yako laini mno." Wateja nao wana maneno!

Kisha mke wangu akampelekea mama yake mche mmoja. Siku ya tatu akatoka kumtazama, akarudi hataki hata kuketi.

"Mama analishwa," akasema.

"Anaumwa?"

"Mikono imebabuka yote. Anatiwa tonge mdomoni kama mtoto. Na bado anawaambia majirani, mkwe wangu kasomea."

Mkwe, jamani! Mtu ambaye nikimwona njiani nainamisha macho. Laiti angenitukana.

Asubuhi nikashika njia ya Pugu kwa miguu. Yule Karani alikuwa huko, mchanganya dawa wa zahanati. Nikamkuta na mizani yake ndogo, nikamwambia shida yangu.

"Kukufundisha nitakufundisha, kaka," akasema. "Kwanza niambie, chuoni ulifukuzwa kwa nini?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nataka useme wewe."

Nikageuka niondoke, hasira zimenipanda. Nilipofika mlangoni nikaliona akilini lile tonge la mama mkwe. Nikarudi.

"Nilionja," nikasema. "Yale maelezo ya ukutani sikuweza kuyasoma. Nikaona haya kuuliza."

Hakucheka. Mie niliyelifanya darasa zima limcheke, hakunicheka. Akavuta kigoda, akanipa penseli, tukaanza na herufi. Halafu mizani. Halafu akaniambia sabuni ikishakatwa ilale ubaoni mwezi mzima kabla haijauzwa. Mwezi mzima! Pima, andika, ngoja, yaleyale niliyoyakimbia.

Nikaenda ukweni, nikasimama uani, nikasema mbele ya wote kwamba chuoni nilionja, na sikufuzu kitu.

Namshukuru ndugu yangu wa Pugu. Namshukuru mke wangu, ambaye hakunifichia. Nanyi mliorudi kununua, Mungu awalipe. Kama kuna asiyejua kitu humu, aulize leo, aibu yake ni ya dakika moja. Yangu ilichuna ngozi ya mtu.

Mama mkwe yupo kule upande wa akina mama, mikono yake mizima, Alhamdulillahi. Namshukuru kuliko wote, japo ananichosha. Sabuni yangu inafua mji mzima huu, lakini kila mche nikimpelekea, kabla hajaupokea anamuuliza binti yake, "Kapima, au kaonja?"

Nimepima, mama.