Ua la Thelathini na Mbili Bado Linapoa

Kitu cha kwanza ambacho mjukuu wake, anayesoma wasifu huu, alikigundua kwa marehemu bibi yake ni vidole vyake. Bibi alikuwa akishika sufuria ya moto bila kitambaa, kisha akilalamika kwamba chai imepoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mlinzi wa kiwanda cha chupa. Shuleni aling'ara katika biolojia, ingawa daftari lake la hesabu lilijaa maua. Chini ya ua mojawapo mwalimu aliandika: "Petali sahihi, jibu si sahihi." Alihitimu kidato cha nne mwaka 1969.

Mwaka 1971 aliajiriwa kiwandani hapo kukagua chupa zenye nyufa. Vipande vilivyotupwa alivigeuza maua kwenye moto wa gesi. Baadaye mtaalamu wa mimea alimletea picha za maua thelathini na mawili ya porini yanayotoweka, ili ayatengeneze kwa kioo. Marehemu alizirudisha zote, kwa kuwa hakutengeneza ua asiloliona kwa macho yake. Kwa miaka arobaini alipanda milima na kukanyaga matope, akatengeneza maua ya kioo thelathini na moja. Siku moja nyuki alitua kwenye mojawapo. Jambo hilo alilitaja kuliko cheti chochote alichopewa.

Alifunga ndoa na fundi cherehani tarehe 7 Agosti 1976. Bwana harusi alisubiri saa tatu nzima, kwani bibi harusi alikuwa akilinda tanuri: kioo kikipozwa haraka hupasuka.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Alikuwa amebakiza ua moja la zambarau linaloota mwambani, ambalo porini limebakiza miche minane tu. Alilimaliza, pamoja na mwamba wake wa kioo, Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, akaliingiza tanurini lipoe kwa siku tisa. Alionya kwamba hata akifa, atarudi kumchapa atakayefungua kabla ya siku hizo kwisha. Alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni, akiwa kwenye kiti chake karibu na tanuri hilo.

Mjomba alishauri ua litolewe, liwekwe juu ya jeneza. Babu alitikisa kichwa.

"Huyu mke wangu alinikalisha saa tatu ndani ya suti," alisema. "Leo ndio mimi nimharakishe?"

Familia ilicheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Kama ua ni zima au limepasuka, hakuna ajuaye.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na maua thelathini na moja. Apumzike, wala asiharakishwe na mtu.

Tanuri litafunguliwa Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Nyote mnakaribishwa. Tafadhali msiwahi.