Kiti cha Fundi Pindo

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Aliye jikoni apunguze moto. Leo namkumbuka mtu aliyenishonea suruali zote mnazoniona nazo mitaani. Namkumbuka Fundi Pindo, fundi wa nguo, tuliyemzika juzi akiwa bibi mwenye mjukuu mkubwa. Mwezi uliopita tu bado alikuwa anakanyaga cherehani yake. Nimelia, siwafichi. Lakini leo sikuja kumliza mtu.

Nirudi nyuma miaka mingi. Fundi Pindo alikuwa mnene. Mwenyewe alikuwa akisema, "Nikijishonea gauni mimi, duka la vitambaa linafunga mapema." Tumbo lilimzuia kuisogelea meza. Kiti chake kilikaa mbali, akashona kwa kunyoosha mikono kama anayefuata chumvi upande wa pili. Magoti nayo yakaanza kumtesa. Daktari akamwambia bila kuzunguka: fanya mazoezi upungue, la sivyo cherehani utaiacha. Aiache! Cherehani iliyomlea binti yake, aliyoizoea kuliko kitanda chake!

Basi akaanza. Chakula akakipunguza. Asubuhi anapanda kile kilima cha tangi la maji, polepole, na mdogo wake wa kike aliyekuwa akishona naye chumba kimoja. Mchana, wateja wakipungua, anakaa kitini na kusimama, anakaa na kusimama, bila kushika meza. Kisha ananyanyua jora zima la kitambaa juu ya kichwa. Mteja akiingia saa hizo anaambiwa, "Subiri, mwanangu, nashona mwili kwanza."

Mwanzoni kilo zilishuka. Halafu mizani ya duka la dawa la jirani, alikokuwa akijipima, ikagoma. Wiki zinapita, mshale uko palepale. Mdogo wake ananisimulia: "Alirudi kutoka duka la dawa amenuna. Akavua raba, akazitupa uvunguni mwa meza. Akasema, 'Basi, mdogo wangu. Nimejitesa bure. Bora niiuze hii cherehani nipumzike.' Nikamwambia, 'Dada, hebu tazama kwanza hapo ulipokaa.'"

Alikuwa amekaa wapi? Kiti kilikuwa kimesogea! Pale pa zamani miguu ya kiti ilikuwa imechimba alama sakafuni, na sasa alama ziko nyuma, kiti kiko mbele, karibu na meza. Kilikuja kidogo kidogo, mwenyewe hana habari. Wacha wee! Fundi akachukua tepe, ileile anayotupimia sisi, akajipima. Kiuno kimepungua. Mapaja yamekaza. Nesi alimweleza baadaye: mafuta yanapungua huku misuli inajengeka, kwa hiyo uzito unaweza kukaa palepale na umbo likabadilika. Narudia kwa aliyekuwa anaongea na jirani: uzito palepale, umbo jingine.

Raba zikatolewa uvunguni.

Sasa kulikuwa na gauni lake la kazi, la bluu. Kila likipwaya analibana pembeni, lakini kitambaa kinachozidi anakikunja ndani. Hakikati. Mdogo wake akamtania, "Hiyo akiba unamwekea nani?" Akajibu, "Mwili ukirudi, nitavaa nini?" Alikuwa anaogopa, wapendwa. Alipungua huku anaogopa.

Hadi siku daktari alipomwambia achuchumae. Akachuchumaa. Akasimama, hakushika kitu. Daktari akacheka, akamwambia, "Mama, nenda kashone." Fundi Pindo aliingia dukani, hata mkoba hajautua. Akalitandaza gauni la bluu, akashika mkasi, akakata kila kilichozidi. Mdogo wake alipiga vigelegele mpaka muuza dawa akatoka nje kuuliza kuna nini. Na vile vipande? Alimshonea gauni dogo mjukuu aliyekuwa karibu kuzaliwa. Binti yake hucheka akilikumbuka: "Mwanangu alivishwa kiuno cha mama yangu."

Daktari alimwambia ataiacha cherehani. Hakuiacha. Alishona miaka na miaka, akazeeka akiwa kazini, na kilima akakipanda mpaka kikamzoea.

Mjukuu yule sasa ni msichana mkubwa, naye ni fundi. Jana alikaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha bibi yake. Mwembamba kama alivyo, hakuingia vizuri. Bibi alikiacha kiti karibu mno na meza, ikambana. Akasema, "Bibi jamani, mimi nikae wapi hapa?" Akacheka, akalia, akakisukuma kiti nyuma.

Pole sana, mdogo wa marehemu. Poleni, binti na mjukuu. Msiba huu ni wetu sote tuliovaa kazi ya mikono yake. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjainuka, angalieni kiti chenu kiko umbali gani na meza. Mimi kitambi changu huingia studio kabla yangu, na maikrofoni hii naifikia kwa shida. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye kilima cha tangi la maji. Mkinikuta, nisalimieni tu. Pumzi ya kuitikia sitakuwa nayo, lakini raba nimeshanunua.