Vikaratasi Viwili Chini ya Nyuki wa Orval Tveit

Marehemu Orval Tveit alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kijijini Haugdal, Minnesota, mtoto wa kwanza wa mzee Nels na mama Borghild, wakulima wa ngano. Mdogo wake Solveig, anayewasomea maneno haya, alipewa kazi ya kumshikia chupa za nyuki, kazi ambayo hakuiomba.

Alisoma shule ya hapa Haugdal, kisha akahitimu elimu ya wadudu chuo kikuu mwaka 1964. Toka hapo maisha yake yakawa nyuki wasio na mzinga, wale ambao kila jike huchimba shimo lake mchangani na kulea peke yake. Aliletewa nyuki kutoka majimbo sita. Alitazama bawa, ulimi, manyoya ya mguu wa nyuma, akataja jina kabla kahawa haijapoa. Alikuwa mwepesi, na alijijua.

Tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hili hili, alimwoa Ardis Rokke, mchoraji. Walijaliwa binti mmoja, Karin. Kwa miaka kumi na sita nyuki wote wa Orval walichorwa na Ardis.

Mwaka 1987 kampuni ya kokoto ilitaka kuchimba mteremko wa mchanga wa Skogen, penye mashimo ya nyuki. Halmashauri ikamwuliza Orval swali moja: nyuki wa pale ni wale wa kawaida, au ni wale adimu ambao sheria inawalinda? Tofauti yao ni kijishimo chenye manyoya kando ya jicho. Wa kawaida anacho kipana, adimu anacho chembamba. Orval alimtazama nyuki aliyetoka kwenye bakuli la maji ya sabuni, mtego wao wa kunasia nyuki, manyoya yamegandamana, akaandika “wa kawaida” kwenye kikaratasi cha pini yake, na barua ikaenda halmashauri. Kesho yake Ardis alimwosha nyuki yuleyule, akamkausha kwa mashine ya kukaushia nywele, akachora kijishimo chembamba.

“Orval, hebu njoo utazame tena.”

“Nimeshatazama. Rekebisha mchoro.”

“Sirekebishi. Nachora ninachokiona, bwana.”

Hakwenda kutazama. Septemba mteremko ulichimbwa. Ardis aliweka kalamu chini, na hakumchorea tena nyuki hata mmoja. Walikula meza moja miaka thelathini na sita bila kulitaja jambo hilo. Ukoo mzima ulijua na ukanyamaza. Solveig alimkasirikia kaka yake muda wote huo, na hataki kulificha mbele ya jeneza.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanza mwaka 2019. Januari mwaka huu madaktari walisema zimebaki wiki chache. Tarehe 4 Februari aliomba sanduku la nyuki wa 1987.

Solveig alikuwepo, akipaka siagi mkate wa viazi. Orval aliinamia hadubini muda mrefu kuliko alivyowahi kuinama. Kisha akaishika ile pini yenye nyuki na kuinyanyua, mkono ukicheza karibu na ukingo wa meza. Nyuki mkavu akigongwa kidogo tu kichwa hukatika, na bila kichwa hakuna ushahidi. Ardis alikuwa amesimama mlangoni.

“Wifi, mshike mkono!” Solveig alisema.

“Simshiki. Huyo nyuki ni wake.”

Orval alihema. “Ardis, sijui kama ni mkono unaotaka kumwangusha au ni mimi.”

“Basi amua, mzee. Mimi nimengoja vya kutosha.”

Orval akamrudisha nyuki sandukuni, hata mguu haukuvunjika. Katika kazi yao, aliyekosea haondolewi kikaratasi chake. Kipya huchomekwa chini yake, vyote vikasomeka. Ilimchukua siku tatu kukiandika: jina la yule adimu, kisha “Ametambuliwa na Ardis Tveit, 1987.” Barua ya pili ikaenda halmashauri. Mteremko haukurudi.

Alifariki nyumbani tarehe 21 Februari 2024, saa nne asubuhi, Ardis akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Ardis. Binti yake Karin na mkwewe Dale. Wajukuu wawili, Britta na Nels. Na mdogo wake Solveig. Kwa agizo lake, sanduku liko mezani kando ya kahawa, pamoja na lenzi. Visomeni vikaratasi vyote viwili.

Mchoro ulio kwenye jalada la kijitabu hiki ni ule wa 1987. Ardis ameutoa kabatini mwenyewe, na haujarekebishwa hata mstari mmoja.

Kaka yetu ametazama tena. Sasa na alale salama.