Jicho Libaki Ndani ya Geti

Saa saba kamili Felisiani aligonga rimu ya lori iliyoning'inia kwenye nguzo, na vibarua wote wa ghala la maharage wakatoka nje ya geti kwenda kutafuta chakula. Ilikuwa amri mpya, wiki ya tatu sasa: saa moja ya kula, lazima, na haihesabiwi kwenye malipo ya saa. Felisiani naye alitoka, maana alikuwa kibarua kama wao, lakini hakufika mbali. Aliishia kwenye benchi la Adija muuza kahawa, kando ya barabara ya Kibondo, akakaa ameelekea seng'enge. Ng'ambo yake maharage ya Muyama yalikuwa yameanikwa juu ya maturubai, uwanja mzima. Daftari la mapumziko alilipakata mapajani, kalamu hakuifungua.

— Mzee wa kanisa kikombe kinampoa leo, — akasema Nicodemus wa bodaboda, ambaye benchi lilimwita Redio kwa kuwa habari zote alizipata kabla hazijatokea. — Una nini?

— Nina dhambi, — akasema Felisiani.

Mwalimu Ghati, aliyeletwa Kasulu na serikali kutoka Tarime miaka tisa iliyopita, akaacha kutafuna kashata.

— Dhambi gani mchana huu?

— Msimamizi aliniambia, nikishatoka nje ya geti nipo mapumziko, ila jicho libaki ndani. Mbuzi wakiingia nifukuze. Wingu likija nianue. Halafu saa nane nisaini hapa kwamba nimepumzika.

— Na unasaini?

— Wiki mbili nzima, mwalimu. Jumatatu nilikimbiza mbuzi mpaka mtaroni, nikarudi nahema, nikasaini. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha. Na Jumapili ni meza ya Bwana, mimi ndiye nashika kikombe.

Adija akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, — akasema. — Hii saa imetoka wapi? Shambani mtu anakula akisikia njaa.

— Imetoka viwandani huko nje, — akajibu Redio haraka. — Mashine zikipata moto zinazimwa zipoe. Sasa wakaona mtu amesimama tu pembeni, wakasema na huyu azimwe.

— Acha zako, Redio! Ni afya, — akasema Ghati. — Tumbo linataka utulivu.

— Tumbo la Felisiani linatulia wapi na mbuzi wa jirani wale? Sikieni. Vibarua ishirini, kila mmoja saa moja. Ni saa ishirini kila siku! Zinakwenda wapi? Tajiri anazikusanya, mama. Mwisho wa msimu ana miezi mizima kaiweka akiba, anaishi miaka mia na ishirini.

— Ndiyo maana hazeeki yule, — akasema Adija, na wote wakacheka isipokuwa mmoja.

— Mimi nilidhani imetoka kwa Mungu, — akasema Felisiani taratibu. — Alipoamuru watu wapumzike, hata punda alimtaja.

— Punda alilipwa? — akauliza Redio.

— Hakulipwa. Lakini hakuambiwa alale huku jicho liko shambani.

Hapo akafika binti mmoja na kitenge kimekazwa kiunoni, bahasha mkononi.

— Amahoro, — akawatakia amani.

— Amahoro, mwanangu, — akaitikia Adija. — Karibu ukae.

— Naitwa Irakoze. Nimetoka Rungwe Mpya kutafuta kibarua hapo ghalani. Geti limefungwa?

— Limerudishwa tu, wote wapo mapumziko, — akasema Redio kwa madaha. — Sheria, dada.

Irakoze akatazama uwanja uliojaa maharage, akalitazama wingu lililokuwa linapanda kutoka Muyama, kisha akawageukia.

— Samahani, wakubwa. Sasa hivi maharage yanaangaliwa na nani?

Mwalimu Ghati akakung'uta makombo ya kashata kwenye sketi. Felisiani akayatazama magoti yake mwenyewe.

Tone la kwanza likaanguka ndani ya kikombe chake.

Hakukumbuka aliinukaje. Alijikuta ng'ambo ya geti anakunja turubai, na upande wa pili Irakoze amelishika, anavuta kama aliyezaliwa ghalani humo. Saa nane kasorobo wakarudi kwenye benchi la Adija wameloa, maharage yakiwa makavu chini ya paa.

Felisiani akafungua kalamu. Pale palipoandikwa "Nimepumzika" akaandika polepole, kwa herufi kubwa: *Saa saba hadi saba na dakika ishirini. Baada ya hapo mvua, nikaanua.* Chini yake: *Siku zilizopita nilisaini uongo. Nisameheni.* Akatia sahihi.

— Mzee, — akanong'ona Redio, — watakufukuza.

— Inawezekana. — Akamgeukia Irakoze. — Wakinifukuza, nafasi itakuwa yako, binti. Ila kabla hujaigonga ile rimu mara ya kwanza, waulize lile swali lako.

Irakoze akaitazama bahasha yake iliyoloa.

— Nitawauliza leo, — akasema, — ukiwa bado upo.

Adija akainamisha birika. Likatoa mashapo matupu. Saa nane ilikuwa imetimia. Felisiani akaenda kugonga rimu, na binti akamfuata nyuma.