Cak Terasi Ametoka

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bu Marsiyem anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika gazeti letu la Kabar Brantas, hapa Surabaya. Kwa cheo mama huyu alikuwa msahihishaji wa maandishi. Kwa ukweli, ambao jarida hili la ndani linaruhusiwa kuutamka leo kwa mara ya kwanza, yeye ndiye Cak Terasi, yule kaka mwenye sharubu anayechorwa kwenye kona ya ukurasa wa mbele, aliyepewa jina la kamba waliovundikwa tunaowatia kwenye pilipili ya kusaga.

Kwa mlioajiriwa juzi: kona ina mistari miwili tu. Wa juu ni Habari, wa chini ni Kijembe. Mwenye kona hatajwi, hata kwa mlinzi wa getini. Wanawake kadhaa wamemwandikia Cak Terasi wakitaka awaoe. Bu Marsiyem aliwakatalia wote kwa adabu, ingawa mmoja alimfikiria wiki nzima kwa sababu alikuwa na duka la samani.

Tusidanganyane, kukaa naye chumba kimoja kulikuwa adhabu. Alifyeka vivumishi vyetu bila huruma. Ukimletea utani na maelezo yake, alikwambia, "Huu umeshakufa. Kauzike, usiniletee matanga." Ukimcheka muuza tempe ya soya wa kando ya njia, alikurudishia karatasi. "Mcheke mwenye kiti, wewe. Huyu hata stuli hana."

Msimu mmoja wa mvua, mkuu wa mifereji alitangaza kwamba mjini hakuna mafuriko, kuna madimbwi tu. Kesho yake kona ikatoka hivi. Habari: Mkuu asema ni madimbwi. Kijembe: Dimbwi la kwangu limelala siku mbili, mwenyekiti wa mtaa analitaka likajiandikishe kama mgeni.

Mkuu alitinga ofisini na sare yake, amenuna, akimtaka huyo Cak. Bu Marsiyem, aliyekaa jirani na mlango, hakuinua hata kichwa. "Ametoka, Pak. Kaenda kuchota dimbwi nyumbani kwake." Mzee wa watu akasema atangoja, akapewa kahawa. Kufikia kikombe cha pili alikuwa anamweleza kwamba kilichomuuma si kona yenyewe, ni mama yake mzazi kuikata na kuibandika kwenye jokofu. Aliondoka ameshukuru. Sisi tulitaka jokofu hilo litoke kwenye kona kesho yake, lakini Bu Marsiyem alikataa katakata. Alisema mama wa mtu hana kiti. Mkuu mwenyewe alichapwa tena Jumatatu.

Sasa mwenye gazeti ametangaza kwamba Bu Marsiyem akiondoka, kona inaondoka naye, na pale pataingia tangazo la magodoro. Labda apatikane mrithi, na mrithi huyo Bu Marsiyem amchague mwenyewe. Naye akaweka sharti moja: mrithi aandike kona ya kustaafu kwake, na imchome.

Nikajitosa. Mara ya kwanza niliandika kwamba taa ya chumba cha habari imezimika. "Kafa nani?" akauliza. Mara ya pili nikamwita mama yetu sote. Akanitazama juu ya miwani. "Nimezaa wawili tu, na nawajua kwa majina." Nilirudi mezani kwangu nikiyaona magodoro yale kabisa. Tatizo nililijua: nampenda, na nilikuwa namwandikia kama anayeaga maiti.

Jana nikampelekea ya tatu. Habari: Msahihishaji mkongwe astaafu. Kijembe: Idara ya mifereji yatangaza ushindi wake wa kwanza, kuna mdomo umekauka.

Alisoma. Akahamisha koma moja. Kisha akavua miwani akaifuta, ikachukua muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. "Hii inauma," akasema. "Haya, kona ni yako. Usiniharibie."

Asante, Bu Marsiyem, kwa kila neno ulilotukatia na kwa kila mwenye kiti uliyemnyima usingizi. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na kahawa ambayo hatukuichemsha sisi. Na Jumatatu ukiona koma imekaa vibaya kwenye kona, usihangaike kupiga simu. Tutakujibu kama ulivyotufundisha: Cak Terasi ametoka.